Nani Analinda Gari?

Mwezi huu nilikusudia kuendelea na habari za chanjo za watoto, lakini nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Bariadi ambayo imenifanya niweke chanjo kando kidogo. Anasema akina mama wa kanisa lao wanajiandaa kwenda kongamano la mbali kwa gari la kukodi, na watalala njiani usiku mmoja wakati wa kwenda na mwingine wakati wa kurudi. Anauliza, "Tufanye nini ili tusiibiwe?" Barua hiyo imenigusa mahali ambapo sikupenda kuguswa, kwa sababu sisi akina mama wa hapa Maswa tuliwahi kuibiwa safarini, na katika wizi ule mimi nilikuwa na sehemu yangu ya kosa.

Ukifika Lamadi, pale barabara yetu inapokutana na ile inayotoka Mwanza kwenda Musoma, huenda ukayaona magari ya wageni wanaoelekea Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Mengine yana vitanda ndani, jiko, mahali pa kuoshea vyombo, na mengine hata choo. Mume na mke wanapika humo, wanalala humo, na asubuhi wanaondoka na nyumba yao. Sisi tunasimama kuyashangaa. Lakini, mama mwenzangu, hebu itazame Coaster ya akina mama wa kanisa inapotoka Maswa. Juu ya keria kuna magodoro yamefunikwa turubai. Ndani kuna sufuria za wali, madumu ya maji, sare za kitenge zilizopigwa pasi, kinanda cha kwaya, mtoto anayenyonya, na bahasha ya michango ambayo mweka hazina ameifunga kiunoni. Je, hiyo si nyumba? Tofauti ni moja tu. Nyumba ya mgeni yule ina mwenyewe, naye usiku anajua amefunga nini na hakufunga nini. Ya kwetu ni ya watu 26, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyefunga.

Yaliyotupata

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2018. Tulikuwa tunakwenda Dodoma. Tulipatana kuondoka saa 12 asubuhi, na kama ilivyo desturi yetu, tukaondoka saa 6 mchana, maana huyu alikuwa bado anapika, na yule alikuwa anamsubiri mtoto atoke shule amuage. Giza likatukuta njiani katika mji mmoja ambao sitautaja. Tukapata nyumba ya wageni ya bei nafuu, isiyo na ukuta wala geti. Gari likaegeshwa pembeni mwa barabara, sisi tukaingia ndani tukala, tukaimba, tukaomba, tukalala.

Nani alikuwa analinda gari? Mwenyekiti wetu alisema vijana wawili wa kinanda wataangalia. Vijana wakadhani dereva analala ndani ya gari, kama madereva wengi walivyozoea. Dereva naye aliambiwa na mmoja wetu, kwa huruma kabisa, "Mwanangu, njoo ulale kitandani, kesho una safari ndefu." Ukimwuliza kila mmoja, alikuwa na haki. Gari likabaki peke yake mpaka alfajiri.

Asubuhi tulikuta dirisha moja la ubavuni liko wazi. Kinanda hakuna. Chupa mbili za chai hazipo, jeki haipo, na mabegi matatu yamekwenda. Kioo hakikuvunjwa. Basi maneno yakaanza. Mwizi aliingiaje bila kuvunja? Bila shaka aliachiwa njia. Na funguo za gari anazo nani? Dereva. Yule kijana aliapa, akalia, lakini kamati ikaamua kuzuia posho yake ya siku zote za safari mpaka ukweli ujulikane.

Ukweli mimi niliujua. Jioni ile nilirudi kwenye gari kuchukua jagi. Nililifungua lile dirisha nikampitishia mwenzangu jagi aliyekuwa amesimama nje, kisha nikalisukuma lirudi. Nililisukuma tu, sikulibana mpaka kitasa chake kiingie. Nilikumbuka jambo hilo asubuhi ile ile, wakati dereva anaapa. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba huenda si dirisha hilo, ingawa nililijua ni hilo. Mimi ni muuguzi, watu wananiheshimu, na niliona aibu. Nimeyaandika haya kwa shida, lakini nisingeweza kumjibu mama wa Bariadi huku nimeyaficha.

Sasa sikiliza lililofuata, maana wizi wa kinanda ni jambo dogo. Kati ya mabegi yale matatu, moja lilikuwa la mama mmoja mwimbaji wetu. Tulipomwuliza lilikuwa na nini, akasema, "Nguo tu." Siku ya tatu jioni, tukiwa Dodoma katikati ya ibada, mama yule alianguka. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Wengine walipiga kelele kwamba ni pepo, wengine wakamshika mikono kwa nguvu, na mmoja alikuja mbio na kijiko amtie kati ya meno. Nilimwondoa yule wa kijiko. Tukasogeza viti, nikamweka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, nikalegeza kitenge shingoni na kiunoni, na alipoacha kutikisika nikamgeuza alale ubavu ili mate yatoke. Kabla hajapata fahamu akaanza tena. Hapo nikajua hili si la kungoja. Tukamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, ikatulia.

Alipoweza kuzungumza aliniita nisogeze sikio. Alikuwa anatumia vidonge vya kifafa kwa miaka 9. Mume wake alijua, na mimi sikujua, ingawa tunaimba sauti moja. Vidonge vilikuwa ndani ya begi lililoibiwa. Siku tatu hakumeza kitu, akasali tu kwamba afike nyumbani salama, kwa kuwa aliona heri aanguke njiani kuliko kanisa zima lijue. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafula, ugonjwa hurudi, na mara nyingi hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Degedege linalofululiza bila mtu kupata fahamu linaweza kuua. Tungeweza kurudi Maswa na jeneza kwa ajili ya kitasa cha dirisha. (Nimeandika habari zake kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Andika, labda mwingine atasema mapema.")

Usiku ule ule nilimwita mwenyekiti na dereva nje ya wodi nikawaambia habari ya jagi. Posho ya kijana ikalipwa yote. Nilimwomba radhi mbele ya gari zima asubuhi yake, si pembeni, kwa sababu hata kumshuku tulimshuku mbele ya gari zima.

Ezra alihesabu

Baada ya safari ile nilikaa na Biblia nikisoma habari za watu waliosafiri na mali. Fungua kitabu cha Ezra sura ya 8, uisome yote kwa wakati wako. Ezra anatoka Babeli kwenda Yerusalemu na watu wengi, wakiwemo watoto, na mzigo mkubwa wa fedha, dhahabu na vyombo vya hekalu. Njia ina maadui. Aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa kuwa alikwisha kumwambia mfalme kwamba Mungu wao huwalinda wanaomtafuta. Basi wakafunga na kuomba penye mto Ahava.

Mara nyingi mahubiri ya safari huishia hapo. Wewe endelea kusoma. Baada ya kuomba, Ezra aliteua makuhani 12 wakuu, akawapimia ile fedha na dhahabu kwa mizani, chombo kwa chombo, akawakabidhi wailinde mpaka watakapoipima tena Yerusalemu. Walipofika walipumzika siku tatu, na siku ya nne vitu vyote vikapimwa na kuhesabiwa, na uzito wake ukaandikwa. Huyu ni mtu aliyefunga na kuomba, na bado alikuwa na mizani na daftari.

Nimewasikia akina mama wakisema kwamba kuhesabiana mizigo kanisani ni kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake. Kama tungekuwa na daftari lenye jina la aliyefunga gari saa 2 usiku, kijana wa watu asingelia. Makuhani wa Ezra hawakupimiwa dhahabu kwa sababu walikuwa wezi. Walipimiwa ili wakifika, mtu yeyote asije akawanyoshea kidole.

Basi tangu hapo tunalo daftari la safari. Ni daftari la kawaida la shule. Kabla ya kuondoka, kila begi hupewa namba kwa kipande cha plasta ya hospitalini na kalamu, na namba huandikwa na jina la mwenyewe. Kila kituo tunapolala kuna majina mawili ya zamu ya kwanza na mawili ya zamu ya pili, na jina la anayefunga. Anayefunga huzunguka gari lote kwa mkono, haangalii kwa macho tu: mlango wa abiria, mlango wa dereva, buti, na kila dirisha moja moja, akilisukuma kuona kama linateleza. Halafu anatia sahihi. Shughuli yote haizidi dakika 10, na wanaonung'unika huwa ni wale wale kila safari.

Mkoba usioachwa

Kitu cha kwanza ninachokagua siku hizi si kufuli. Kabla ya safari ninamwita kila mama peke yake, wala si mbele ya wengine, nikamwuliza kama kuna dawa anayomeza kila siku. Iwe ya presha, kisukari, kifafa, pumu, kifua kikuu au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hainihusu kumtangaza, na mwingine akikataa kunijibu simlazimishi. Namwambia tu kwamba dawa isikae kwenye begi la nguo. Ikae kwenye mkoba mdogo wa kuvaa mwilini, anaokula nao, anaokwenda nao chooni na anaolala nao. Ikiwezekana abebe za siku chache zaidi ya siku za safari, na kipande cha karatasi au kadi ya kliniki inayoonyesha jina la dawa na kipimo chake, maana dawa ikipotea, hospitali yoyote ya njiani itahitaji kujua ulikuwa unameza nini. Nakala nyingine ya karatasi hiyo aiache kwa mtu anayemwamini nyumbani.

Kuna sababu ya pili ya kutoiacha dawa garini, nayo ni joto. Gari lililofungwa vioo juani, hata kama nje kuna upepo, huwa tanuri kwa muda mfupi. Insulini iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, ila joto lisizidi nyuzi 30, na ndani ya gari lililoegeshwa stendi mchana kiwango hicho hupitwa upesi. Hivyo basi, hata pasipo mwizi, dawa uliyoiacha garini huenda ikawa imekwisha kuharibika bila wewe kujua. Insulini ibebe ndani ya kitambaa chenye unyevunyevu, mahali penye kivuli.

Na hapa niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Nimeona mama anamwacha mtoto wa miaka 5, au binti wa kazi na kichanga mgongoni, ndani ya gari lililofungwa ili "aangalie mizigo" wakati wakubwa wanakula. Mtoto si mlinzi. Mwili wake hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na joto hilo humwua. Kama hakuna mtu mzima wa kubaki, mizigo na ibaki bila mtu.

Kuhusu gari lenyewe

Mimi si fundi, lakini dereva wetu amenifundisha mengi, na haya ndiyo ninayoyakumbuka.

Jambo kubwa ni mahali pa kulala, na hilo huamuliwa asubuhi, siyo usiku. Ukiondoka saa 6 mchana umekwisha kuchagua kulala mahali pabaya. Mwaka 2018 magari ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Zuio hilo lilidumu kwa takriban miaka 30 mpaka mabasi yaliporuhusiwa mwaka 2023. Sasa wapo wanaosema, "Kwa nini tulale njiani? Twende moja kwa moja." Basi la kampuni lenye madereva wawili wanaobadilishana ni jambo moja. Coaster ya kukodi yenye dereva mmoja aliyeamka alfajiri ni jambo jingine. Dereva asiyelala anaweza kuua watu wengi kuliko mwizi yeyote. Lala njiani, ila panga. Kabla ya kuondoka pigeni simu kwa kanisa la mji mtakaolala, mwulize mchungaji au mama mchungaji kama uwanja wao una ukuta na geti. Wenzetu wa misheni mara nyingi hawakatai, na asubuhi mnawaachia sadaka. Mkikosa, tafuteni nyumba ya wageni yenye uzio na mlinzi, mkamwone huyo mlinzi kwa macho kabla ya kulipa.

Gari liegeshwe chini ya taa, na nyuma yake ikae karibu na ukuta kiasi kwamba mlango wa buti hauwezi kufunguka. Mbele kuelekee geti, ili ikitokea hatari dereva aondoke bila kuhangaika kugeuza. Magodoro na mizigo ya keria ishushwe yote. Turubai halizuii kitu, linamwonyesha mwizi kwamba juu kuna mali. Pazia za madirisha zifungwe. Vitu vinavyong'aa visiachwe juu ya kiti, hata kama ni mfuko mtupu, kwani mwizi haujui kwamba ni mtupu mpaka amekwisha kuvunja kioo. Ukipata gari la kukodi ambalo kitasa cha dirisha kimevunjika, mwambie mwenye gari akitengeneze kabla ya kulipa malipo ya mwanzo. Baada ya kulipa hatakitengeneza.

Wezi wa magari hawaibi mabegi peke yake. Wanachukua betri, tairi la akiba, vioo vya pembeni na taa, na wananyonya mafuta kwenye tenki. Ndiyo maana unaona wenye magari wengi wamechora namba ya gari juu ya vioo na taa. Kioo chenye namba ya mtu hakiuziki kirahisi. Kifuniko cha tenki kiwe na kufuli, na dereva aangalie mshale wa mafuta jioni na asubuhi.

Wapo wanaolala ndani ya gari lenyewe ili kuokoa fedha. Silikatai jambo hilo, na kwenye uwanja wa kanisa wenye ukuta tumelifanya. Ila naomba sana mambo mawili. Msiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata kama limebaki majivu yenye moto kidogo na baridi ya Singida inauma. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu huifunga milango vizuri kwa ajili ya wezi, wakalala, wasiamke. Injini nayo isiachwe inaunguruma mkiwa mmelala, kwa sababu hiyo hiyo. La pili, mlango usizibwe na mizigo, na ufunguo ukae mahali ambapo watu wa zamu wote wanapajua. Gari ambalo mwizi hawezi kuingia na ninyi hamwezi kutoka si salama. Acheni madirisha mawili wazi upana wa vidole viwili, tundikeni chandarua, kwa kuwa mbu naye ni mwizi, na malaria ya safarini huonekana mmekwisha kurudi nyumbani.

Wema wa mgeni

Wezi wengine hawaji usiku. Huketi karibu nawe ndani ya basi, huzungumza kwa upole, pengine husema "Bwana asifiwe", kisha hukukaribisha soda, juisi au biskuti. Ndani yake wametia dawa ya usingizi. Jambo hili limewapata watu wengi katika mabasi ya nchi yetu, na wodini tumewapokea abiria walioshushwa hawajui majina yao, hawana simu, hawana hata viatu.

Najua desturi yetu. Kwa Msukuma kukataa chakula ulichokaribishwa ni kama tusi. Basi wewe kuwa wa kwanza kutoa sababu: sema, "Asante sana, nimefunga leo," au, "Daktari amenikataza." Chupa ya maji uliyoiacha kwenye kiti ulipokwenda kujisaidia, usiinywe tena.

Ukimkuta mtu aliyelewa dawa hizo, usimmiminie maziwa mdomoni. Watu wanaamini maziwa huua sumu, lakini mtu asiye na fahamu hawezi kumeza vizuri; maziwa huingia mapafuni, na hapo umemwongezea ugonjwa. Mlaze ubavu, shingo iwe wima kidogo ili apumue, usimwache peke yake, na mfikishe kituo cha afya kilicho karibu. Chupa au pakiti aliyoitumia ibebeni pia.

Mwizi akionekana

Sisi wa huku tumekua na Sungusungu, walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwano ukipigwa, kila mtu anatoka. Ni jambo jema kuwa na majirani wanaotoka. Lakini ukiwa mji wa wageni usiku, neno "Mwizi!" ni hukumu ya kifo. Nimewapokea vijana waliopigwa mawe, na nilikuwepo alipokufa mmoja ambaye baadaye ilijulikana kwamba alikuwa anakimbia kuwahi gari lake. Mama yake alifika na kanga moja akatukuta tumekwisha kumfunika.

Kwa hiyo watu wetu wa zamu wana filimbi na tochi. Wakimwona mtu anaranda kwenye gari, wanawasha taa, wanapiga filimbi, wanamwamsha mlinzi. Mwizi akikimbia, mwache akimbie. Akiwa na panga, mpe anachotaka. Namba 112 ya polisi huitwa bure.

Na mkiisha kuibiwa, msiguse sana lile gari wala msikimbilie kulifagia. Nendeni kituo cha polisi cha mji ule ule, msingoje kufika nyumbani, mkaandikishe na kupewa namba ya RB. Bila namba hiyo mtapata shida kurudishiwa vitambulisho na laini za simu. Kama simu imekwenda, azima simu ya mwenzako upige namba 100 ya mtandao wako wafunge laini mara moja, kwa kuwa siku hizi mkoba wa fedha uko ndani ya laini. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala isiandikwe nyuma ya kitambulisho, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu kwa mama mwenye shahada. Kabla ya safari bonyeza *#06#, simu itakuonyesha namba yake yenye tarakimu 15. Iandike kwenye lile daftari, polisi wataiulizia.

Kisha mwulizeni kila mtu faraghani, kabla ya kuhesabu kinanda na vyombo: "Je, kuna kitu kilichoibiwa ambacho huwezi kukaa nacho mbali mpaka kesho?" Sisi hatukuuliza. Tuliuliza bei ya vitu.

Nyumbani unakotoka, waage majirani wawili unaowaamini, wala usitangaze safari kwenye simu yako watu wote wakaona nyumba iko tupu. Habari za kufunga nyumba ni ndefu, huenda nikaziandika siku nyingine.

Yule mama mwimbaji bado tunaimba naye, na hajaanguka tena tangu arudie dawa zake. Dereva wetu ni yule yule. Kila tunapolala mahali hunisubiri nimalize kufunga mlango, kisha husema kwa sauti ya kutosha kusikiwa na gari zima, "Mama Nesi, na dirisha?" Akina mama hucheka. Mimi hurudi nikalisukuma.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye chanjo, na nitajibu swali la mama wa Malampaka ambaye kadi ya mtoto wake imeliwa na mchwa.